Kutoka Moiben Hata Nakuru kwa Basi la Starehe

Moiben ni nchi ya tambarare, kaskazini-mashariki ya Eldoret. Msafiri afikaye huko kwa mara ya kwanza huona ngano na mahindi mpaka macho yakachoka. Upande wa mashariki iko milima ya Elgeyo, na ng'ambo yake nchi huporomoka ghafula hata Bonde la Kerio. Ni nchi ya baridi, na watu wake ni watu wa kazi: wenye ng'ombe wa maziwa, wenye trekta, na wenye madeni ya mbolea.

Wakulima wa huko hawana desturi ya kusafiri kwa ajili ya kupumzika. Husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa kumpeleka mtoto shuleni, au kwa kufuata fedha za mahindi mjini. Mtu akisema kwamba anakwenda kutembea tu, yeye na mke wake na watoto, majirani humwuliza mara ya pili, wakidhani kwamba hawakusikia vizuri.

Hata hivyo jamaa moja ya Moiben ilifanya safari ya namna hiyo katika mwezi wa Agosti 2025. Walikuwa watu sita: baba, mama, watoto watatu, na mama yake baba, bibi kizee ambaye watoto humwita kogo, kama ilivyo desturi ya Wakalenjin. Kijana mkubwa alikuwa katika darasa la tisa, naye alitazamiwa kuingia sekondari ya juu Januari 2026, labda katika shule ya bweni iliyo mbali. Kogo naye alikuwa akikaribia miaka themanini. Mama wa nyumba ndiye aliyepiga hesabu hiyo, akaona kwamba likizo ile huenda ikawa ya mwisho kwa watu wote wa nyumba kuwa pamoja bila mmoja kukosekana. Alimwambia mume wake jambo hilo jioni moja baada ya kukamua, na mume akanyamaza kwa muda mrefu.

Mwezi wa Agosti huwafaa watu wa Moiben. Palizi imekwisha, mbolea ya pili imekwisha kutiwa, mahindi yanatoa mbelewele, na mavuno bado yako mbali. Isitoshe, nauli hazijapanda kama zinavyopanda wakati wa Krismasi. Shida ni ng'ombe tu, nao waliachiwa jirani kwa mapatano kwamba maziwa ya siku tatu yawe yake.

Palikuwa na shauri moja gumu kabla ya kuondoka. Baba alitaka waende kwa matatu, gari dogo la watu kumi na wanne, kwa sababu nauli yake ni nafuu na tena halikawii njiani. Alikuwa amekwisha kuona kwamba safari nzima, pamoja na malazi na ada ya kuingia katika hifadhi ya wanyama, ingekula zaidi ya magunia sita ya mahindi. Mama alitaka basi kubwa la mchana, lenye kiti kimoja kwa mtu mmoja.

"Baba watoto," akasema, "ukitaka kuokoa shilingi, tukae nyumbani, tutaziokoa zote."

Baba akakubali basi, lakini akataka mtoto mdogo, mwenye miaka minne, apakatwe ili nauli yake isilipwe. Hapo pia mama alikataa. Alisema mtoto atakatiwa tiketi yake, akae katika kiti chake, afungwe mkanda wake. Tiketi sita zikakatwa.

Siku ya safari waliamka alfajiri, wakapanda gari la kwenda Eldoret gizani. Kulipopambazuka waliuona mwamba wa Sergoit kwa mbali, umesimama peke yake katika uwanda kama ng'ombe aliyeachwa na wenzake. Kogo bado huuita mji wa Eldoret kwa jina la Sisibo. Jina hilo limetokana na namba 64, maana posta ya kwanza ilijengwa mwaka 1910 katika shamba lililopewa namba hiyo, na wenyeji wakaitamka namba ya Kiingereza kwa ndimi zao. Siku hizi Eldoret ni jiji, lilipewa hati yake tarehe 15 Agosti 2024. Habari hiyo haikumgusa sana bibi kizee. Alichotaka kujua ni kama choo cha kituo cha basi ni safi. Kilikuwa safi.

Basi la starehe ni kitu cha kustaajabisha kwa mtu aliyezoea kubanwa. Mizigo yote ilitiwa chini ya sakafu, kila mmoja ukapewa kipande cha karatasi chenye namba, na mwenyewe akapewa kipande cha pili. Viti vilikuwa viwili upande huu na viwili upande huu, virefu, vyenye kulala nyuma kidogo mtu akibonyeza kitufe, na kila kiti kina mahali pa kutilia umeme wa simu. Hakuna aliyesimama. Hapakuwa na muziki wa kuziba masikio, wala utingo wa kuning'inia mlangoni na kupiga bati. Saa mbili ilikuwa imeandikwa katika tiketi, na saa mbili na dakika tano basi likaondoka. Baba alitazama saa yake mara mbili.

Kogo alipewa kiti cha dirishani, na upande wa pili wa njia ya katikati aliketi mzee mmoja mwenye kofia, mkazi wa Burnt Forest, aliyekuwa akienda Nakuru kumwona binti yake. Walisalimiana kwa heshima. Hawakuwa wa kabila moja, na Kiswahili cha kila mmoja kilikuwa na ladha ya kwao.

Basi lilipofika Burnt Forest mazungumzo yalipungua. Msomaji atakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, barabara hii ilizibwa kwa mawe na magogo, nyumba zikachomwa, na watu wengi wakakimbia makao yao. Mzee alitazama nje mpaka maduka yalipokwisha. Kisha akamwuliza kogo kama amewahi kupita njia hii zamani.

Naam, alikuwa amepita. Alipokuwa msichana alikwenda pande za Molo kuchuma maua ya pareto katika mashamba ya Wazungu, naye alisafiri juu ya lori, akiwa ameketi juu ya magunia, amejifunika turubai kwa sababu ya mvua. Mzee akacheka, akasema kwamba yeye pia alichuma pareto huko utotoni, na mikono yake ilikuwa ikinuka maua hayo hata akila. Tangu hapo hawakunyamaza tena. Wajukuu walisikiliza, na yule kijana wa darasa la tisa akaondoa vile vizibo vya muziki masikioni mwake. Kogo hakuwa amewahi kuwasimulia habari za lori lile, kwa kuwa nyumbani hakuna saa ambayo watu wote huketi mahali pamoja na kutazama upande mmoja.

Njia hupanda kwa taratibu mpaka Timboroa. Hapo nchi iko juu ya bahari kwa kiasi cha futi 9,000, na reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 ilipandishwa papa hapa. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na kando ya barabara wauzaji wa viazi na karoti walikuwa wamejifunga mablanketi. Mbele kidogo barabara huvuka mstari wa Ikweta, mahali penye kibao. Watoto walikuwa wameahidiwa mstari, wakautafuta barabarani. Yule mdogo alilalamika kwamba dereva ameupita kabla haujaonekana.

Baada ya Mau Summit njia huanza kuteremka, na hapa ndipo hoja ya mama ilipopata maana yake. Mteremko wa kutoka huko hata Salgaa ni mrefu, nao umeua watu wengi. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukawaka, wakafa zaidi ya mia. Tarehe 31 Desemba 2017, karibu na Salgaa, basi la abiria na lori vikagongana usiku wa manane, wakafa watu 36. Baada ya msiba huo kuta za saruji ziliwekwa katikati ya barabara, ili magari yanayoshuka yatengwe na yale yanayopanda. Lakini malori yaendayo na yatokayo Uganda, Rwanda na Kongo bado ni mengi mno, na wako madereva ambao huachia gia mteremkoni ili kuokoa mafuta, hata breki zikapata moto na kukataa kushika.

Sheria nazo zipo. Tangu Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki, magari ya abiria yamelazimishwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo, yasipite kilomita 80 kwa saa. Kila mtu ajua jinsi sheria hizo zinavyofuatwa na wengine na kuchezewa na wengine. Tofauti ya nauli ambayo baba aliihesabu nyumbani ilikuwa, kwa sehemu kubwa, bei ya dereva asiyekimbilia abiria wa kituo kinachofuata.

Walipokuwa wakiukaribia mji wa Salgaa, lori moja lililosimama kando liliingia barabarani bila kutoa ishara. Dereva wa basi hakuwa akienda mbio, naye alikuwa amekwisha kuacha nafasi mbele yake. Alishika breki kwa nguvu, basi likainama, chupa za maji zikabingirika hata mbele. Mtoto wa miaka minne alirushwa mbele kiasi cha upana wa kiganja, kisha mkanda ukamrudisha kitini. Hakulia. Aliuliza kama wamefika.

Baba hakusema neno. Baada ya kitambo alinyosha mkono, akaukaza mkanda wa mtoto, kisha akaukaza wake mwenyewe, ambao alikuwa ameulegeza tangu Timboroa.

Saa tano na nusu walishuka Nakuru, mahali ambapo mabasi ya Nairobi husimama ili abiria wale chakula. Nakuru nayo ni jiji, tangu tarehe 1 Desemba 2021. Mzee wa kofia aliwaaga mmoja mmoja, akampa kogo mkono kwa mikono miwili.

Kuhusu siku mbili za Nakuru hapana haja ya maneno mengi. Walilala katika nyumba ya wageni ya bei ya wastani, yenye maji ya moto asubuhi tu. Siku ya pili waliingia katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Waliotazamia kuona ufuko wote mwekundu kwa flamingo, kama katika picha za zamani, hawakupata. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 maji ya ziwa yamepanda sana, hata lango kuu la zamani likafunikwa na miti ya pembeni ikafa imesimama majini. Maji yakipungua chumvi, chakula cha ndege hao hupungua pia, na wengi wao wamehamia Ziwa Bogoria. Vifaru waliwaona, wawili, wakila majani kama ng'ombe wasio na habari ya mtu.

Lakini aliyefurahi kuliko wote ni kogo, na sababu ni twiga. Yule mtembezaji aliwaeleza kwamba twiga wa hifadhi hiyo, wa aina ya Rothschild, ambao miguu yao ni myeupe kutoka magotini hata chini, si wenyeji wa Nakuru. Kuanzia mwaka 1974 waliletwa kutoka magharibi, pande za Soy karibu na Eldoret, kwa kuwa mashamba yalikuwa yakiwamalizia nafasi. Bibi kizee aliomba gari lisimamishwe. Akasema kwamba wanyama hao anawajua. Utotoni mwake walikuwa wakipita katika uwanda wa Uasin Gishu, na watoto walikatazwa kuwatupia mawe. Baadaye hawakuonekana tena, naye alidhani kwamba walikufa wote.

"Kumbe walihamia huku," akasema, "wala hawakutuaga."

Alikaa akiwatazama mpaka mtembezaji akaanza kuangalia saa. Yule kijana mkubwa alimpiga picha kogo dirishani, na twiga nyuma yake. Picha hiyo ilichapwa baadaye kwa mpiga picha mjini Eldoret, ikatundikwa sebuleni Moiben, juu ya kalenda ya chama cha maziwa.

Siku ya tatu walirudi, pia kwa basi la mchana. Safari hii ni baba aliyekwenda kukata tiketi asubuhi na mapema, peke yake, naye alirudi na karatasi sita mkononi bila kuulizwa. Kogo alilala usingizi tangu Salgaa, katika mpando wote, hata Timboroa. Walipofika nyumbani usiku ulikuwa umeingia, na jirani alikuwa akingoja langoni na taa. Ng'ombe mmoja, yule mweusi, alikuwa amekataa kukamuliwa na mgeni siku zote tatu. Mama akavua viatu vya safari, akachukua ndoo.