Mji Uliojengwa Kinamasini

Msomaji, nilipoanza kazi ya ualimu nilinunua kiwanja wakati wa kiangazi. Kilikuwa karibu na shule, chenye kisima cha maji matamu. Mvua za masika zilipofika, maji yaliingia mlangoni na vitabu vyangu vikalowa. Nikaazimia kukiuza. Ndipo niliposoma habari za mji wa Gor, nchini Uajemi, nikasita.

Mji huo ulianzishwa na Ardashir mwanzoni mwa karne ya 3 baada ya Kristo, katika jimbo la Fars, mahali paitwapo leo Firuzabad. Wakati huo alikuwa mtawala mdogo chini ya Artabanus, mfalme wa Waparthi. Uwanda alioupenda ulikuwa na kinamasi. Mtu mwenye haraka angalipita. Ardashir hakupita, kwa maana aliona milima imeuzunguka uwanda ule kama ukuta, na njia ya kutoka kaskazini ilipenya katika bonde jembamba. Juu ya genge la bonde hilo alijenga ngome, ambayo magofu yake yasimama hata leo. Maji ya kinamasi akayatoa kwa mifereji. Kisha akajenga mji wa duara, upana wake karibu kilometa 2, wenye mnara katikati na barabara zilizoenea kutoka hapo kama miali ya jua.

Mwanahistoria al-Tabari asimulia kwamba Artabanus alimwandikia kwa hasira, akamwuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kujenga mji. Mwaka 224 wawili hao walikutana vitani. Artabanus aliuawa, na Ardashir akaanzisha dola ya Wasasani iliyodumu zaidi ya miaka 400.

Nilifikiri sana. Milima haijengwi na mtu, lakini maji huongozwa. Ardashir alichagua kile asichoweza kukiumba, akatengeneza kile alichokiweza. Mimi nami singeweza kuisogeza shule wala kukihamisha kisima, lakini jembe nilikuwa nalo. Nilichimba mtaro kwa majuma matatu, na masika iliyofuata nililala pakavu.

Nawe, msomaji, siku moja utachagua mahali pa kuishi na kazi ya kufanya. Usitafute pasipo na kasoro, maana hapapatikani. Jiulize kwanza kama kasoro uionayo ni mlima au ni maji.