Kompyuta Inapouliza Lugha

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sijaona maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu kompyuta yenye prosesa nyingi. Mashine ya mitumba tuliyopata, wenzangu nami, ina prosesa 2, kila moja na viini 4. Tuliitaka kwa kuhifadhi na kusafisha rekodi za masimulizi ya wazee wa Kadutu na Bagira. Tuliweka humo Debian, mfumo endeshi huria unaotumia Linux.

Linus Torvalds alianzisha Linux huko Helsinki mwaka 1991, akiwa mwanafunzi, kwa kompyuta ya prosesa moja. Toleo la 2.0, mwaka 1996, ndilo lililoanza kuzitumikisha prosesa kadhaa pamoja. Ugumu wake ni kama wa salongo: watu wanane wakigombea jembe moja, hakuna kinacholimwa. Hapo mwanzo mfumo ulikuwa na kufuli moja kubwa. Prosesa moja ikiingia, nyingine zinangoja mlangoni. Polepole kufuli hilo likagawanywa kuwa madogo madogo, hata mwaka 2011 likaondolewa kabisa.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Tulingoja umeme urudi, tukawasha mashine kwa fleshi, tukagawa diski, tukanakili. Mwishoni niliandika amri ya nproc, inayohesabu viini vilivyo tayari kwa kazi. Mashine ikajibu: 8.

Lakini swali la kwanza la mashine lilikuwa jingine: unataka lugha gani? Baadaye nilifungua orodha ya lugha na nchi ambazo mfumo unazijua. Kiswahili kimo mara mbili: cha Kenya na cha Tanzania. Kongo nayo imo, kwa Kilingala. Kiswahili cha Kongo hakimo, ingawa Katiba yetu ya 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa.

Tungeweza kulalamika. Hata hivyo, mfumo huria hauachi nafasi kubwa ya malalamiko, kwa sababu mlango wake uko wazi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bila kungoja kampuni yoyote iwahurumie wasemaji. Kinachokosekana kwetu ni faili moja ya maandishi: majina ya siku na miezi, namna ya kuandika tarehe, alama ya faranga.

Faili hiyo haimhitaji fundi sana, inamhitaji mwanaisimu. Siku inayofuata Jumapili tuiandike Jumatatu, kama shuleni, au siku ya kwanza, kama wengi wanavyosema nyumbani? Tukifuata Dar es Salaam, tuna Kiswahili cha Tanzania chenye bendera yetu. Tukifuata mtaa, tutaulizwa mtaa upi: wa Bukavu, wa Goma au wa Lubumbashi? Mashine haitatuamulia. Naomba kitivo kianze mjadala huo. Viini 8 vinangoja.