Maji ya Mtungi

Wenzangu, ni nani kati yetu asiyenung'unika akiambiwa abebe maji kwenda maabara? Mimi nilikuwa wa kwanza kulalamika. Bwawa la Kiambere, lililoanza kutoa umeme mwaka 1988, limetanda kule chini, nao mfereji wa maabara umekauka!

Siku hiyo tulikuwa tukipima nguvu ya asidi kwa haidroksaidi ya sodiamu. Nilijaza bureti ikiwa juu ya kichwa changu, jambo ambalo mwalimu alikuwa ametukataza. Ikafurika, ikanimwagikia mkononi. Haikuuma. Iliteleza tu kama sabuni, nikacheka. Mwalimu hakucheka. Alinishika mkono akaumwagia maji, mtungi wa kwanza, wa pili. Kumbe ule utelezi ni mafuta ya ngozi yangu mwenyewe yakigeuka sabuni! Rafiki yangu alitaka kunikamulia ndimu eti iue ukali, akakemewa. Ni maji matupu, tena mengi, dakika 15 au zaidi.

Mtungi wa tatu ulikuwa ule niliobebeshwa asubuhi kwa lazima. Nilikuwa nimeujaza nusu.