Luano hadi Ndjili

Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, kwa mstari ulionyooka angani, ni kilomita 1,560 hivi. Reli haijawahi kuiunganisha miji hii miwili. Babu alisafiri enzi za Wabelgiji kwa garimoshi hadi Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, kwenye njia iliyokamilika mwaka 1928, kisha akapanda meli ya kushuka mto Kasai. Akiisimulia safari ile alihesabu majuma.

Tiketi yangu ilionyesha kuondoka saa nne asubuhi na kufika saa tano na robo. Dada aliyenikatia alinieleza: Katanga tuko saa moja mbele ya Kinshasa, na tiketi huandika saa ya kila mji. Safari yenyewe ni saa mbili na robo. Safari ya kurudi, kwa njia ileile, ingesomeka kama ya saa tatu na robo.

Luano, uwanja wetu wa ndege, asubuhi ya Julai, baridi ilikuwa kali na watu wamejifunika makoti. Mizigo ilipimwa kwa makini; mama mmoja mbele yangu alipiga magoti sakafuni akihamisha unga kutoka sanduku hadi sanduku, na watu wa foleni wakamsaidia kufunga. Nikalipa go-pass, ada ya uwanja wa ndege, nikapita.

Ndege ilipoinuka nilikiona kilima cheusi cha mabaki ya shaba, bomba la moshi la kampuni ya migodi ya Gécamines, na mto wetu Lubumbashi. Upande wa Kolwezi likatokea ziwa la bwawa la Nzilo, ambako Lualaba imezuiwa kabla ya kuendelea kaskazini. Hapo ndipo umbali ulipoanza kunigusa. Maji yale yanapita Bukama, Kongolo, Kindu na Kisangani, yanakata ikweta mara mbili, ndipo yanafika Kinshasa. Hata mto wa mtaani kwetu huingia Kafubu, ukaenda Luapula, ziwa Mweru, halafu Luvua, na kukutana na Lualaba huko Ankoro. Tulikuwa tunakwenda mahali pamoja, mimi kwa mkato.

Ndege ikiwa juu hukimbia kilomita 800 hivi kwa saa, kwa hiyo hesabu ya haraka inatoa pungufu ya saa mbili. Dakika nyingine huliwa na kupanda, kushuka na kutambaa kiwanjani.

Chini yetu nyasi zilizokuwa zikiungua zilitoa moshi, kisha ikatokea mito ya Kasai na Kwango, yote ikielekea kaskazini. Ndani ya ndege hakuna aliyekuwa akizungumza juu ya watu wa vijiji vya huko chini. Inaniuma kwamba mji mkuu wa nchi yao na yangu unafikiwa upesi na mwenye bei ya tiketi tu, na barabara ya kuaminika ingewafaa kuliko ndege zote tunazowapitishia vichwani.

Mawingu ya kiangazi cha Kinshasa yakatupokea. Luano iko mita 1,300 juu ya bahari, Ndjili, uwanja wa Kinshasa, kama 300. Masikio yaliniuma, na mlango ulipofunguliwa koti likawa mzigo. Kila mtu alikuwa akisema Kilingala.

Nikampigia mama.

"Ulifika muzuri?"

"Ndiyo, mama. Huku ni saa tano na nusu."

"Hapa ni saa sita na nusu, tunapika bukari. Baba yako mudogo alikuja kukupokea?"

Alikuwa amesimama nje, akinipungia mkono kwa nguvu.