Deti ya kwanza Nairobi? Anza na gari la kurudi

Mimi ni mtoto wa Dallas. Si ile ya Texas, tulia. Hii yetu ya Embu. Mwezi jana msee mmoja wa Nairobi alinialika deti: chakula Westlands, saa mbili usiku. Nilifurahi, sidanganyi. Halafu nikakumbuka Embu ni zaidi ya kilomita 100. Nikamuuliza, "Na nitarudi aje?" Akajibu, "Hiyo tutaona."

Labda hakuwa na nia mbaya. Lakini deti ikiisha usiku na huna gari la kurudi, si ni kama ushaamuliwa pa kulala? "Tutaona" si mpango.

Nikamtumia wangu: Jumamosi, saa nne asubuhi, tukutane Archives. Watu hungojana pale nje kila siku, wachache sana huingia. Ndani kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Hapo stori hazikosi. Kisha tule chipo, na saa tisa niwe stejini.

Alinyamaza siku mbili. Halafu: "Sawa."

Tulicheka sana mle ndani, hadi tukaangaliwa vibaya. Saa tisa alinisindikiza, akasimama kando ya dirisha mpaka mat ikajaa.

Kwa hivyo wewe unayepanga deti ya kwanza, kabla ya kutafuta hoteli, jua mwenzako atarudi nyumbani aje. Mtu akiwa na njia ya kuondoka na bado akabaki, hapo utajua amependa kubaki.