Maziwa ya Usiku wa Shiva

Maziwa ya Shivaratri hayachemshwi. Ndiyo sababu yalitoka Magogoni, bandani kwa baba, wala si dukani. Siku hiyo baba alikamua mapema, akafunga mikebe kwenye baiskeli na kuvuka daraja la Nyali ili awahi kisiwani Mombasa kabla ya Magharibi, kwani jua likishazama zamu ya kwanza ya ibada imeanza. Babu naye aliwapelekea wazee wa wateja wetu, akipita kwenye daraja la kuelea la 1931, kabla hili la zege halijafunguliwa mwaka 1980.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mama wa Kigujarati ambaye watu wa nyumba yake walimwita Baa, nasi tukamwita hivyo hivyo. Kwake ndiko nilikoujua usiku huo, wa kumi na nne wa mwezi unaopungua, Februari au Machi. Wahindu huugawa mafungu manne, kila moja kama saa tatu, mpaka kupambazuke. Katika kila fungu huliosha jiwe la mungu Shiva kwa maji, maziwa, mtindi, samli na asali, kisha hulipamba kwa majani ya bilva, yaliyoota matatumatatu kwenye kikonyo kimoja. Hawali nafaka: si wali, si chapati. Wenye kujikaza hunywa maji tu. Wengine hujisaidia kwa viazi, njugu na matunda.

Ila Baa aliagiza na kitu kingine: mnanaha. Kwetu ulijiotea majalalani, na wazee walitukanya tusiuguse, maana mbegu zake humtia mtu wazimu, hata kumuua. Yeye aliyataka maua yake na matunda yake yenye miiba. Nilipomuuliza alinisimulia jinsi miungu walivyoisukasuka bahari, ikatoka sumu ya kuangamiza ulimwengu, Shiva akainywa na kuizuia kooni hadi koo likawa buluu. Miungu wakakesha naye usiku kucha. “Sumu, mwanangu, mpe anayeiweza,” alisema.

Mwaka 1995 Shivaratri iliangukia kumi la mwisho la Ramadhani. Magogoni nzima ilitaka maziwa ya futari, na Baa alitaka yake. Baba aliwapunguzia wote kidogo kidogo, Baa hakumpunguzia. Alisema aliyefunga na akakesha ana haki, awe wa dini gani. Tulipofika kwake adhana ya Magharibi ilitukuta mlangoni. Baa akatuletea tende na maji. Sisi tulifungua, naye ndiyo kwanza anauingia usiku na njaa yake.

Baadaye wanawe walihamia Leicester na Toronto, akabaki na binti mmoja. Mkesha ukahamia hekaluni, kwenye vipaza sauti na umati. Ulipendeza, lakini mimi naona ule wa nyumbani ulikuwa na uzito zaidi. Sebuleni hapakuwa na kelele za kukuamsha. Kina mama waliimba bhajani kwa zamu, na aliyesinzia alionekana na wote.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2021 Shivaratri ilikuwa 11 Machi, na kafyu ilianza saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Ibada ya saa sita za usiku, ambayo ndiyo kilele chake, hakuna aliyeweza kuitokea. Kwa hivyo mkesha ulirudi nyumbani. Baa alikuwa ameshafariki. Binti yake aliliosha jiwe lile lile la mamake, simu ikiwa imeegemezwa kwenye birika, ndugu wa Leicester wakiimba naye. Mimi nilipeleka maziwa mchana kwa bodaboda.

Oda nayo imepungua. Sasa binti humimina bakuli dogo tu juu ya jiwe, na mengine huniambia niwapelekee watoto yatima. Baa angemgombeza, mimi namuunga mkono. Magogoni kwenyewe mabanda mengi yamegeuka nyumba za kupangisha, nasi tumebakiwa na ng'ombe wachache.

Mwaka 2027 Shivaratri itakuwa 6 Machi, tena katika kumi la mwisho la Ramadhani. Binti ameshanipigia kuuliza kama ng'ombe watakuwa na maziwa. Nimempa neno la baba: tutawapunguzia wengine.