Ini la Bata Mzinga

Katika miaka yote niliyofundisha walimu, sikumbuki mwanachuo hata mmoja aliyeniambia kuwa laiti angepata nafasi angesomea udaktari wa mifugo. Udaktari wa watu, naam, uhandisi, naam. Bwana mifugo kwetu ni mtu wa buti za mpira, wa josho na sindano ya ng'ombe. Na ndani ya kazi hiyo wamo wengine wasioonekana kabisa: wale ambao hawamtibu mnyama, bali humpokea akishakufa, wakampasua, wakakata kipande cha ini chembamba kuliko karatasi, wakakitia rangi na kukitazama kwa hadubini. Hao ndio wataalamu wa patholojia ya mifugo. Nina sababu yangu ya kuwasemea.

Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, wengi wao wakiwa wachanga, katika muda wa miezi michache tu. Waliacha kula, mbawa zikalegea, na haukupita muda wakafa. Ugonjwa haukujulikana, hivyo ukaitwa "ugonjwa X", kwa herufi ile ile ambayo sisi walimu wa hesabu huipa namba inayotafutwa. Kwanza ulidhaniwa kuwa ni wa kuambukiza. Lakini waliopasua mizoga waliona ini lililovilia damu, chembe zake zimekufa, na vijifereji vya nyongo vimeongezeka kupita kiasi. Ini la namna hiyo halikuzungumza habari za vijidudu. Lilizungumza habari za sumu. Basi wakaacha kuuliza ndege hawa wameambukizwa na nani, wakauliza wamekula nini. Walikuwa wamekula mashudu ya karanga kutoka Brazil.

Hapo ndipo na sisi tunapoingia. Karanga zilizotoka Uganda nazo zilionekana zina sumu, na ni katika karanga hizo za Uganda kwamba mwaka 1961 ulitambuliwa ukungu unaoitengeneza, Aspergillus flavus. Jina la kitaalamu la sumu hiyo ni aflatoksini. Siku hizi tunaiita sumukuvu, neno ninalolipenda kwani linajieleza lenyewe. Katika maabara ya mifugo ya Weybridge, Asplin na Carnaghan waliona kuwa vifaranga wa bata hudhurika upesi kuliko ndege wengine, na kwa muda kifaranga wa siku moja akawa ndiye mizani ya kupimia: mlishe, kisha tazama ini lake.

Jambo zito zaidi lilitokea mwaka huo huo. Panya waliolishwa mashudu yale kwa miezi kadhaa hawakufa upesi kama ndege. Walipata saratani ya ini. Msomaji wangu, tafakari hapo. Kilichoanza kama hasara ya wafuga ndege kiligeuka kuwa swali juu ya chakula cha binadamu. Mwaka 1973 Peers na Linsell walitoa matokeo ya kazi yao ya Murang'a, Kenya, walikopima sumukuvu katika vyakula vya watu na kulinganisha na idadi ya wagonjwa wa saratani ya ini. Nyanda za chini, ambako sumu ilikuwa nyingi, ndiko wagonjwa walikokuwa wengi. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, liliiweka sumukuvu katika kundi la vitu vinavyojulikana pasipo shaka kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Na mwenye virusi vya homa ya ini B akila sumukuvu, hatari yake huongezeka mara nyingi.

Mimi niliyasikia haya kwa mara ya kwanza mwaka 1994, si kitabuni bali ghalani. Mzabuni alituletea chuoni lori la mahindi yenye ukungu wa kijani, akasema yakishindikana kwa wanachuo tuwape nguruwe wa shamba letu. Kijana mmoja, bwana mifugo, alikuwa amekuja kuwatazama nguruwe hao. Alichota mahindi kiganjani, akayanusa, akaniambia, "Shikamoo Mkuu. Ukiwalisha haya, nitarudi kuwapasua." Kisha akanisimulia habari za bata mzinga, amesimama juu ya magunia. Lori nililirudisha. Siku tatu wanachuo walikula ugali wa mtama kwa manung'uniko, na kamati yao ikaniandikia barua kali yenye makosa matatu ya sarufi.

Mwaka 2009 dada yangu mkubwa alifariki. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa manjano, na hospitali waliandika saratani ya ini. Sitasema mahindi ndiyo yaliyomwua. Lakini matangani wako waliosema, na walimtaja mtu: bibi kizee jirani, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Nilisimama nikawaeleza juu ya kuvu, panya na ini. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, dada yako alikuwa bata?" Watu wakacheka, msibani. Kabla ya arobaini yule bibi alikuwa amehamia kwa binti yake, na nyumba yake ikabaki ukuta mmoja.

Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafa. Safari hiyo redio ilitaja mahindi. Nilitamani yule bibi angekuwa hai asikie.

Nyumbani kwangu mahindi huanikwa juu ya turubai, si juu ya udongo, na hayaingii ghalani mpaka yakauke kabisa. Kuchagua ni kazi yangu, kwani mstaafu ana muda. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala kukoboa hakuimalizi. Wapo wanaonishauri kuwa yale mabovu yanafaa kwa pombe, au apewe ng'ombe. Pombe huibeba sumu, na ng'ombe huitoa katika maziwa. Mke wangu husema ninapoteza debe zima kila msimu, naye hakosei hesabu. Shimo liko nyuma ya choo, na kuku nimewazungushia wavu wasifike.